Nyimbo za Connie Converse: Je, Kizuri Chajiuza?

Wahenga walinena, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Methali hii twaifundisha watoto, na mara nyingi ni kweli. Lakini wako waimbaji ambao habari zao zatulazimisha kuifikiri tena. Mmoja wao ni Connie Converse, binti wa mchungaji wa Kibaptisti, aliyezaliwa New Hampshire, Marekani, mwaka 1924.

Bibi huyu alitunga mwenyewe maneno na sauti za nyimbo zake, akaziimba kwa gitaa. Hakuna kampuni iliyomtolea santuri. Ukumbi wake ulikuwa sebule za rafiki zake. Jioni moja mwaka 1954 aliimba nyumbani kwa Gene Deitch, karibu na New York, na mwenye nyumba akainasa sauti yake kwa mashine. Ndiyo maana hata leo twaweza kumsikia.

Sauti yake si kubwa, wala haina madaha. Pengine huimba kwa uangalifu mno, kama mwanafunzi asomaye mbele ya mwalimu, hata uchangamfu wa wimbo ukapungua. Lakini sikilizeni gitaa: laanza kama katika nyimbo za mashambani, kisha lageuka njia mahali ambapo sikio halikutazamia. Sikilizeni na maneno. Katika wimbo uitwao "Talkin' Like You" mwimbaji yuko mahali pa ukiwa kati ya milima miwili, naye adai kwamba hana upweke, maana kila sauti ya huko yamkumbusha mtu fulani. Hasemi kwamba ana huzuni. Msikilizaji aitambua mwenyewe. Huo ndio ufundi wa mtungaji.

Mwaka huo huo wa 1954 aliimba katika televisheni, lakini mlango haukufunguka. Mwaka 1961 aliondoka New York, akaenda Ann Arbor, Michigan, akafanya kazi nyingine. Mwaka 1974 aliwaandikia jamaa na rafiki barua za kuaga, akaondoka kwa motokaa yake, wala hakuonekana tena. Hata mwaka 2004 Deitch akausikizisha wimbo wake mmoja katika redio, na mwaka 2009 ikatoka santuri, How Sad, How Lovely. Ilikuwa imepita miaka 55 tangu jioni ile.

Siku hizi wengi humsifu kwa sababu alitoweka. Naona huko ni kumdhulumu mara ya pili. Alipokuwapo hatukumsikiliza, sasa twasikiliza msiba wake badala ya nyimbo zake. Wimbo na upimwe kwa wimbo. Hizi zingalikuwa nzuri vile vile kama mtungaji angalikufa mzee, kitandani pake, kati ya ndugu zake.

Basi, methali yetu ni kweli nusu. Kizuri chajiuza, lakini sharti kwanza kiwekwe mahali watu wapitapo. Aliyeitunza sauti ile miaka 50 naye ana sehemu yake katika kazi hii. Nasi vijijini mwetu tunao watungaji wasiojulikana ng'ambo ya mto. Wakiimba jioni, tunyamaze tusikie. Na asubuhi, ajuaye kuandika na ayaandike maneno yao, wangali hai.