Salsa, Ufundi wa Kusikilizana

Salsa huhesabiwa kwa mapigo manane, lakini hatua ni sita tu. Moja, mbili, tatu, mguu unatulia; tano, sita, saba, unatulia tena. Anayeanza huliona pigo la nne na la nane kama pengo na kuharakisha kuliziba. Aliyefundishwa hulitumia kuhamisha uzito wa mwili taratibu, goti likikunjuka, na hapo nyonga hucheza zenyewe bila kulazimishwa. Ufundi wa namna hii haupatikani kwa kutazama video peke yako chumbani. Unataka watu.

Kwanza unataka watu wengi, na ndiyo maana nalipenda darasa la pamoja. Mwalimu anasimama mbele akitazama kioo, anahesabu kwa sauti, na safu nzima inakwenda mbele na kurudi nyuma. Kisha watu wanapangwa wawiliwawili kwenye duara. Kila baada ya dakika chache anapiga makofi: badilisheni! Ndani ya saa moja umeshikana mikono na mrefu na mfupi, mkongwe na aliyeingia leo. Huyu anakubana vidole, yule mkono wake umelegea, na mzunguko uliouweza vizuri na wa kwanza unakataa kwa wa tatu. Hapo unaelewa kwamba kukariri mtindo ni jambo moja na kucheza na mtu ni jambo jingine. Wacuba wameufanya ubadilishanaji huo kuwa ngoma kamili, rueda de casino ya Havana: wachezaji huzunguka duarani, mmoja anataja mtindo, na wote wanabadilishana wenzi kwa pamoja.

Somo la binafsi lina kazi nyingine. Mwalimu mzuri hakimbilii kukupa mitindo mipya. Anazima muziki, anaweka vidole vyake juu ya vyako, anafumba macho na kukuambia: nirudishe nyuma bila kunisukuma. Ukitumia nguvu ya mkono, anabaki palepale. Kiwiko kikitulia na mwili wako ukaenda mbele, anarudi mara moja, kwa kuwa habari imemfikia. Kuongoza ni kutoa habari mapema. Ukitaka mwenzako azunguke kwenye tano, sita, saba, mkono uinuke tangu kwenye tatu. Ukichelewa pigo moja, mwaliko umegeuka kuwa mvuto. Anayefuata naye ana ufundi wake: asibahatishe yajayo, ayangoje huku akiwa tayari. Makosa haya hupotea katika kelele za darasa, lakini kwa mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja hayana pa kujificha.

Muziki wenyewe ulizaliwa kwa kusikilizana. Katika jiji la New York, Wapuerto Rico, Wacuba na wenzao walichanganya muziki wa son wa Cuba, ule wa mambo na jazi, na kampuni ya santuri ya Fania, iliyoanzishwa mwaka 1964, ikausambaza duniani. Mwaka 1974 mwimbaji Celia Cruz na bendi ya Fania All-Stars walipanda jukwaani Kinshasa. Huko hawakuwa wageni kabisa: damu ya Kongo ilikwishavuka bahari na watumwa hadi Cuba, na santuri za Cuba zilikwishachangia kuijenga rumba ya Kongo. Kwa hiyo sisi tuliolelewa na rumba redioni tunaingia darasani na akiba. Mapigo matano ya clave, mdundo unaoushikilia muziki huu, matatu upande mmoja na mawili upande wa pili, sikio letu linayajua kabla mguu haujayajua.

Kwa anayeuliza aanzie wapi, jibu langu ni hili: nenda darasa la pamoja ulizoee pigo na watu, kisha mtafute mwalimu akurekebishe mwili, kisha urudi kwa watu. Usihesabu mitindo uliyokusanya. Fundi wa salsa hupimwa kwa mwenzake: yule anayemaliza wimbo akihisi amecheza vizuri kuliko alivyodhani anaweza.