Kujua Nani Aondoke

Ligi ikishamalizika, mashabiki wa Dar es Salaam hawapumziki. Wanahamia kwenye usajili. Redioni asubuhi ni usajili, kijiweni jioni ni usajili, na picha ya mtu aliyejifunika kofia akishuka uwanja wa ndege usiku inatosha kuwafanya watu wakeshe. Katika kelele zote hizo swali huwa moja: nani anakuja? Swali lina utamu wake, lakini kwa maoni yangu ndilo dogo. Kuandaa kikosi baina ya msimu na msimu ni kazi ya mtendaji mkuu, ya mkurugenzi wa michezo, ya kamati ya usajili na ya yule mhasibu ambaye shabiki hamjui hata kwa jina, na ni ufundi unaostahili sifa sawa na ule wa kocha. Kiini chake ni kujua nani aondoke, aondoke lini na kwa masharti gani. Anayekuja ni jibu la swali ambalo klabu makini ilikwisha kujiuliza miezi mingi nyuma, wakati shabiki bado anashangilia mabao.

Anza na jedwali la mikataba, maana humo ndimo siri ilimo. Kanuni za FIFA zinasema mkataba wa mchezaji usizidi miaka 5, isipokuwa sheria za nchi zikiruhusu zaidi, na kwa aliye chini ya miaka 18 usizidi 3. Zinasema pia kwamba aliyebakiza miezi 6 anaweza kusaini na klabu nyingine, na mkataba ukiisha anaondoka bila ada yoyote. Hili la mwisho chimbuko lake ni Jean-Marc Bosman, Mbelgiji aliyezuiwa na klabu yake ya Liège kuhamia Ufaransa ingawa mkataba wake ulikuwa umekwisha, akaenda mahakamani na kushinda Luxembourg Desemba 1995. Ukizisoma kanuni hizi pamoja unapata hesabu fupi na kali. Mchezaji mwenye miaka 3 mkononi ni mali ya klabu; mwenye miaka 2 ni mazungumzo; mwenye mmoja ni hasara iliyokwisha kupiga hodi. Kwa hiyo uamuzi wa kumwongezea mkataba au kumuuza lazima ufanyike akiwa na miaka 2, na mara nyingi huo ndio wakati anaofunga, anaoimbwa, na ambao kiongozi atakayemuuza ataitwa msaliti. Hapo ndipo ugumu wa kazi ulipo. Kuijua hesabu si tabu. Tabu ni kuitii wakati uwanja mzima unapiga kelele kinyume chake. Kiungo Clatous Chama alipovuka mtaa Julai 2024, kutoka Simba kwenda Yanga akiwa mchezaji huru, wengi waliona kisa cha mapenzi na usaliti. Jedwali lilikwisha kueleza yote mapema: siku mkataba ulipokatika, hapakuwa na ada wala ruhusa ya kuombwa.

Jina hilohilo linaturudisha miaka 3 nyuma, kwenye funzo jingine. Simba ilimaliza msimu wa 2020/21 ikiwa bingwa kwa mara ya 4 mfululizo. Agosti 2021, ndani ya dirisha moja, Luis Miquissone akaenda Al Ahly ya Misri na Chama akaenda RS Berkane ya Morocco. Kila biashara ukiitazama peke yake ina mantiki: klabu kubwa za Kaskazini zinahitaji, mchezaji anataka, fedha ipo mezani. Lakini kikosi hakihesabiwi mtu mmojammoja. Wawili hao walikuwa wakifanya kazi inayofanana, ile ya kufungua beki zilizojifunga, na walipoondoka pamoja iliyoondoka ni kazi yenyewe. Msimu uliofuata Yanga ilitwaa ubingwa bila kupoteza mchezo hata mmoja, na Simba ikalazimika kumrejesha Chama kwenye dirisha dogo la Januari 2022. Sisemi mauzo hayo peke yake ndiyo yaliyoleta matokeo hayo. Yanga nayo ilikuwa imejijenga, kwa Djigui Diarra langoni, Khalid Aucho katikati, na Fiston Mayele na Djuma Shabani waliotoka AS Vita ya Kinshasa. Ninachosema ni kwamba upande mmoja wa Kariakoo uliuza kwa kuangalia bei, na upande wa pili ulinunua kwa kuangalia mapengo.

Kisha zamu ikageuka, na hapa ndipo ninapoona ufundi wenyewe. Katikati ya mwaka 2023 Yanga ilikuwa imetoka kucheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya USM Alger, ikalikosa kombe kwa kanuni ya bao la ugenini. Mayele alikuwa na mabao 17 ya ligi na 7 ya Shirikisho. Akaenda Pyramids ya Misri. Kocha Nasreddine Nabi akaondoka. Feisal Salum na Yannick Bangala wakaenda Azam, na Djuma naye akaaga. Orodha ya namna hiyo inamtisha yeyote, na jibu la haraka la klabu nyingi lingekuwa kumtafuta Mayele mwingine kwa bei yoyote. Yanga ilimleta mshambuliaji kutoka Ghana, Hafiz Konkoni, na kusema kweli hakuwika. Kufikia nusu ya msimu alikuwa amekwisha kuondoka. Lakini mabao hayakuwa yamewekwa kwenye mguu mmoja. Pacôme Zouzoua na beki Yao Kouassi walikuwa wametoka ASEC Mimosas, Maxi Nzengeli ametoka Maniema Union, kocha Miguel Gamondi amekabidhiwa timu, na Stephane Aziz Ki, ambaye alikuwepo tangu 2022, akapewa uhuru uliomfikisha mabao 21 na kiatu cha mfungaji bora. Novemba 5, 2023 Simba ilifungwa 5-1, na kwenye karatasi ya wafungaji yalikuwemo majina ya Maxi, Aziz Ki na Pacôme. Timu ikafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, ikatolewa na Mamelodi Sundowns kwa penalti, na ligi ikaisha kwa ubingwa wa 30. Klabu ilirithisha mabao ya Mayele kwa watu kadhaa, kwa hiyo hata kosa la kumchagua mrithi mmoja halikuiangusha. Mpango mzuri wa usajili una nafasi ya usajili mbovu ndani yake.

Msomaji mkali atasema: acha mapambo, hiyo ni pesa ya GSM, mfadhili wa Yanga. Hoja ina uzito, na sitaikwepa kwa kusema pesa haijalishi. Bila mfadhili Mayele asingetua Dar es Salaam hata kwa maombi. Ila GSM ilikuwa imeanza kuweka fedha Yanga kabla ya 2021, na misimu ya mwanzo ilipita Yanga ikimaliza nyuma ya Simba, huku wachezaji wakija na kuondoka kwa kasi. Mfuko ulikuwepo kabla ya utaratibu. Anayetaka ushahidi mkubwa zaidi aende Barcelona. Mwaka 2017 klabu hiyo ilipokea euro milioni 222 kwa kumwachia Neymar, fedha ambazo hakuna klabu nyingine iliyowahi kulipwa kwa mchezaji mmoja, ikazigeuza haraka kuwa Ousmane Dembélé na Philippe Coutinho, na mishahara ikapanda juu ya mishahara. Miaka 4 baadaye, tarehe 5 Agosti 2021, ikatangaza kwamba haiwezi kumsajili Lionel Messi, ambaye mkataba wake ulikuwa umeisha Juni 30 na ambaye mwenyewe alikubali kubaki, kwa sababu ukomo wa mishahara wa ligi ya Hispania ulikuwa umejaa. Mchezaji bora katika historia yao aliondoka bure kwa sababu ya safu moja kwenye kitabu cha hesabu. Pesa inanunua saini. Kujua saini hiyo itakuwa na thamani gani baada ya miaka 3 ni elimu nyingine kabisa.

Na elimu hiyo kwa sehemu kubwa ni ya mishahara, jambo ambalo mashabiki hulipita haraka wakikimbilia ada. Ada hulipwa ikaisha. Mshahara hurudi kila mwezi, na ukimpa mgeni mmoja mara 3 ya nahodha, umewaongezea madai wachezaji wote waliobaki. Nchini Tanzania, kwa kanuni za miaka ya karibuni, klabu ya Ligi Kuu imekuwa ikiruhusiwa kusajili wageni wasiozidi 12, kwa hiyo hata nafasi yenyewe ni bidhaa adimu. Mgeni asiyecheza na mwenye mwaka mmoja mkononi anakalia kiti. Ukitaka kiti hicho lazima uketi naye mkubaliane malipo ya kuvunja mkataba. Ukimfukuza bila malipo, kesi inafika FIFA, na adhabu inayoweza kufuata ni kufungiwa kusajili. Klabu za ukanda wetu zimeonja adhabu hiyo, kubwa na ndogo. Ulaya wao wamebuni werevu wa aina nyingine: Chelsea mwaka 2023 ilimpa Mykhailo Mudryk mkataba wa miaka 8 na nusu, kwa kuwa vitabuni ada hugawanywa kwa miaka ya mkataba, na miaka ikiwa mingi gharama ya kila mwaka huonekana ndogo. UEFA ikaziba mwanya kwa kuweka ukomo wa miaka 5 katika mgawanyo huo. Werevu wa namna hiyo naustaajabia bila kuusifu.

Pingamizi zito kuliko la pesa ni la utu. Tunazungumza mali, bidhaa, hasara, na hawa ni watoto wa watu. Sakata la Feisal Salum liliweka swali hilo mbele ya taifa zima: Desemba 2022 alitaka kuuvunja mkataba wake na Yanga, kamati ya shirikisho la soka la Tanzania, TFF, ikasema bado ni mchezaji wa Yanga, miezi ikapita hachezi, na suluhu ikapatikana Juni 2023 baada ya Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe kuwaomba viongozi walimalize jambo hilo. Wengine walimtetea kijana, wengine walitetea karatasi. Mimi naona pande zote mbili zilikuwa na haki, na ndiyo sababu kazi hii inahitaji watu wenye busara. Mkataba unailinda klabu isiporwe, na unamlinda mchezaji asitupwe akivunjika goti. Lakini mchezaji anayeng'aa kwa mshahara aliousaini kabla hajang'aa atanung'unika, na yeyote angenung'unika. Mtendaji makini humwita mapema, kabla wakala hajamwita, akamwekea mezani nyongeza au njia ya kutokea yenye bei inayojulikana. Hesabu ikifanywa vizuri, utu huingia humohumo: anayeachwa anaambiwa Mei badala ya kusikia redioni Julai, na analipwa stahiki zake. Anapata pia muda wa kutafuta timu.

Kuna wanaosema haya yote yaachiwe kocha. Kwa ligi yetu, ambapo makocha huja na kuondoka kabla mikataba waliyoomba haijafika nusu, jibu ni fupi. Kocha aseme anahitaji nini. Nani, kwa muda gani na kwa bei gani, aseme yule atakayekuwepo kulipa.

Yaliyobaki ni ya klabu ndogo, nazo ndizo zinazouhitaji ufundi huu kuliko Simba na Yanga. Haki za matangazo ya ligi zilipouzwa kwa Azam Media mwaka 2021, shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, klabu za mikoani zilipata kitu cha kuandika upande wa mapato kabla hata msimu haujaanza. Lakini kuna mapato mengine yanayotegemea utunzaji wa kumbukumbu tu. Mchezaji akiuzwa nje ya nchi mkataba wake ukiwa hai, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23: kwa kila msimu kuanzia ule wa miaka 16, klabu iliyokuwa naye inastahili nusu asilimia. Katika kila dola milioni moja, msimu mmoja ni dola 5,000. Mshambuliaji Mbwana Samatta alipouzwa na Genk kwenda Aston Villa Januari 2020, karibu miaka yake yote ya kulelewa ilikuwa Mbagala, Msimbazi kwenye klabu ya Simba, na Lubumbashi, kwa kuwa Ubelgiji alifika akiwa na miaka 23. Fedha za namna hiyo hudaiwa kwa fomu za usajili, zenye tarehe na muhuri, na shauri likikaa zaidi ya miaka 2 FIFA hailisikilizi tena. Tangu mwishoni mwa 2022 malipo hupitia kituo maalumu cha FIFA, ambacho hukusanya historia ya mchezaji kutoka kumbukumbu za mashirikisho ya nchi alizopita. Kijana ambaye jina lake halikuingizwa alipokuwa na miaka 15 anahesabika kwamba mwaka huo hakulelewa na klabu yoyote. Katibu wa klabu ya daraja la pili anayejaza fomu hizo Julai, akihakikisha tarehe za kuzaliwa zinalingana na vyeti, anafanya usajili wenye faida ambayo huenda ikachukua miaka 10 kufika, na akiukosea si rahisi kupata dirisha jingine la kuurekebisha.