Uhakiki wa Maandishi ya Boksi

Katika miaka yangu ya kufundisha Kiswahili niliwazoeza wanafunzi kuuliza maswali matatu mbele ya andiko lolote: mwandishi anasema nini, anamwambia nani, na ni jambo gani amelinyamazia. Swali la tatu ndilo gumu, na aghalabu ndilo lenye faida kubwa. Anayedhani kwamba uhakiki ni wa riwaya na mashairi tu anajipunja mwenyewe. Risiti ni andiko, mkataba wa kupanga nyumba ni andiko, na maneno yaliyochapwa juu ya boksi la bidhaa ni andiko pia, tena lenye kutaka fedha ya msomaji. Nakusudia hapa kulihakiki andiko moja la namna hiyo, fupi kuliko ubeti wa shairi, nalo ni maandishi ya boksi la kumbukumbu ya kompyuta, ambayo vijana huiita ramu.

Msomaji ana haki ya kuuliza mzee wa miaka sabini na kitu ametokea wapi katika mambo hayo. Mjukuu wangu, ambaye ni fundi wa simu, alinipa kazi ya kumtunzia akiba yake. Kwa miezi kumi na minne aliniletea kidogo kidogo kila Jumamosi, kwa shabaha ya kujiundia kompyuta ya kuchezea michezo. Sharti letu lilikuwa moja: fedha haitoki mpaka aeleze anachonunua kwa maneno ambayo bibi yake naye atayaelewa. Prosesa, yaani bongo la mashine, alikwisha kuichagua: Ryzen 7 7800X3D ya AMD, iliyoingia sokoni Aprili 2023 na kusifiwa sana na wachezaji. Kadi ya picha ilikuwa ya bei ya wastani. Ilibaki kumbukumbu. Muuzaji mmoja alimshauri aache boksi lenye namba 6000, achukue la 8000, ambalo bei yake ilizidi kwa zaidi ya nusu. "Babu, namba kubwa ndiyo mashine yenyewe," aliniambia. Nikamwomba alete picha za maboksi yote mawili, tuyasome.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Kumbukumbu hii si ile ya kuhifadhia picha na barua mwaka hata mwaka. Ni meza ya kazi ya prosesa: humo huwekwa vile vinavyotumika sasa hivi, na umeme ukikatika meza hufutika. Asili yake ni hataza aliyopewa Robert Dennard wa kampuni ya IBM mwaka 1968. Alionyesha kwamba kila alama moja, sifuri au moja, yaweza kutunzwa kwa transista moja na kapasita moja ndogo. Kapasita hiyo ni mfano wa ndoo inayovuja, hivyo sharti ijazwe upya mara nyingi katika kila sekunde. Mpaka leo vijiti vya kumbukumbu vinavyouzwa madukani vimejengwa juu ya wazo hilo.

Sasa tusome. Boksi la kwanza liliandikwa DDR5-6000, CL30. La pili liliandikwa DDR5-8000, CL40. Angalia jinsi mwandishi alivyogawa sauti yake: 6000 na 8000 zimechapwa kwa herufi nene zinazoonekana toka mlangoni mwa duka, ilhali 30 na 40 zimewekwa kando, kwa herufi zinazohitaji miwani. Kila mwalimu wa lugha anajua kwamba mahali pa neno ni sehemu ya maana yake. Namba nene inaeleza ni mara milioni ngapi data husafirishwa katika sekunde moja. Namba nyembamba inaeleza kumbukumbu ikikwisha kuombwa kitu itasubirisha mapigo mangapi ya saa yake kabla ya kuanza kutoa. Kwa namba ya kwanza, kikubwa ni bora. Kwa namba ya pili, kidogo ni bora. Boksi halisemi hivyo.

Hesabu yake ni ya darasa la saba. Kumbukumbu ya DDR hupitisha data mara mbili kwa kila pigo, kwa hiyo 6000 ni mapigo milioni 3000 kwa sekunde. Mapigo 30 kwa mwendo huo ni nanosekunde 10. Namba 8000 ni mapigo milioni 4000. Na mapigo 40 kwa mwendo huo ni nanosekunde 10 vilevile. Kwa kipimo hicho maboksi mawili yanamsubirisha mwombaji sawasawa. Lakini ukichukua boksi jingine la 6000 lenye CL40, ambalo kwa mbali ni pacha wa lile la kwanza, utasubiri zaidi ya nanosekunde 13. Tofauti yote hiyo imefichwa katika herufi nyembamba.

Nilipoendelea kupiga hesabu nilikuta jambo lililonistaajabisha zaidi. Miaka ya 2003 hivi, vijiti bora vya DDR vilikuwa na namba 400 na CL2. Kokotoa, utapata nanosekunde 10. Katika miaka ishirini namba nene imepanda mara kumi na tano, nayo subira ya aina hiyo haikusogea. Kilichokua ni mzigo unaobebwa kwa safari: kijiti cha zamani kilipitisha gigabaiti 3.2 kwa sekunde, cha 6000 hupitisha 48. Lori limekuwa kubwa, ila muda wa kulingoja kituoni ni ule ule. Michezo mingi ya kompyuta haihitaji shehena kubwa kila mara. Huhitaji vitu vidogo vidogo, kimoja sasa hivi, kingine mara baada yake, bila kujua mapema kipi kitafuata. Kwa mteja wa namna hiyo, kusifia ukubwa wa lori ni kumjibu swali ambalo hakuuliza.

Lakini kosa kubwa la andiko hili ni ukimya wake. Boksi linazungumza kana kwamba kumbukumbu huishi peke yake, wala halitaji ni prosesa gani itakayoipokea. Katika prosesa za AMD za ukoo huo mlango wa kupokelea kumbukumbu umo ndani ya prosesa yenyewe, na mlango huo una mwendo wake. Kwa kumbukumbu ya 6000, mlango na kumbukumbu huenda hatua kwa hatua, mapigo milioni 3000 kila upande. Ukivuka 6400 hivi, prosesa nyingi za ukoo huo hushindwa kuandamana nayo, na mlango hushuka ukaenda nusu ya mwendo wa kumbukumbu. Kwa 8000, kumbukumbu hupiga milioni 4000 na mlango hupiga milioni 2000. Yaani mnunuzi amelipa zaidi, na kizingiti cha mlango wake kimepungua mwendo. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Hapa haraka ya upande mmoja imemchelewesha mwenzake.

Tena prosesa hii aliyoichagua kijana wetu ina akiba ya ndani ya megabaiti 96, ambayo sehemu yake imepandishwa kama ghorofa juu ya silikoni. Akiba hiyo iliwekwa makusudi ili prosesa isilazimike kwenda mezani kila mara. Tatizo lenyewe si geni: mwaka 1995 William Wulf na Sally McKee waliandika makala wakionya kwamba prosesa zinaongezeka mwendo kuliko kumbukumbu, na siku moja zitagonga ukuta wa kungoja. Akiba kubwa ya ndani ni mojawapo ya njia za kuuzunguka ukuta huo. Basi anayenunua prosesa ya aina hii amekwisha kulipia dawa ya subira. Akiongeza fedha kununua kumbukumbu ghali kuliko zote, analipia ugonjwa ule ule mara ya pili.

Ukimya wa tatu unahusu ahadi. Namba nene ya boksi sio mwendo utakaoupata kwa kuchomeka tu. AMD yenyewe, katika maelezo rasmi ya prosesa hiyo, inadhamini 5200 kwa vijiti viwili, na 3600 tu ukijaza vijiti vinne. Hiyo 6000 hupatikana kwa kuingia katika mipangilio ya mwanzo ya mashine na kuwasha kipengele kiitwacho EXPO, au XMP kwa upande wa Intel. Usipokiwasha, kijiti hutembea polepole maisha yake yote na mwenyewe hajui. Huko Marekani wateja walipeleka shauri mahakamani dhidi ya kampuni moja ya kumbukumbu juu ya jambo hili hili la mwendo uliotangazwa, na shauri likaisha kwa kampuni kukubali kulipa bila kukiri kosa. Kumbe tofauti kati ya "ina mwendo" na "yaweza kufikishwa mwendo" ni tofauti ya kitenzi, na kitenzi kinaweza kugharimu fedha nyingi.

Mhakiki asiyetenda haki ni mgomvi tu, kwa hiyo niseme na upande wa pili. Namba zote zimo juu ya boksi. Aliyejifunza kuzisoma hakudanganywa. Wako pia wanaonufaika na namba kubwa. Prosesa za Intel za kizazi cha 13 na cha 14 zina mlango wa namna nyingine na hustahimili kumbukumbu ya 7000 na zaidi kwa faida. Mtu asiye na kadi ya picha, anayetegemea picha zitolewazo na prosesa yenyewe, naye hufaidi, maana hapo shehena kubwa ya lori inahitajika kweli. Wapo hata wanaoshindania mwendo kama wengine wanavyoshindania mbio za magari, na burudani yao ni halali. Lakini hao ni wasomaji wengine, na boksi halikuwatenga na mjukuu wangu.

Chati za majaribio nazo zisomwe kwa jicho hilo hilo. Wapimaji wengi hutumia kadi ya picha iliyo ghali kuliko zote na ukubwa mdogo wa picha, ili tofauti za prosesa na kumbukumbu zionekane. Kwa upimaji ni njia sahihi. Kwa mnunuzi mwenye kadi ya wastani na kioo kikubwa, kadi itachoka kwanza, na tofauti ile ya kwenye chati ataitafuta asiione.

Tulipofika hapo, kijana alieleza uamuzi wake mbele ya bibi yake, naye akaelewa. Ni vijiti viwili vya gigabaiti 16, jumla 32, DDR5-6000, CL30. Viwe viwili na si kimoja, kwa kuwa prosesa ina njia mbili na kijiti kimoja huiacha moja tupu. Visiwe vinne, kwa sababu iliyotajwa. Vinunuliwe katika boksi moja, vikiwa vimepimwa pamoja. Juu ya ubao mama wenye nafasi nne, kwa kawaida vichomekwe katika nafasi ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa. Kuhusu wingi, hapo ndipo asibane matumizi mno, maana meza ikijaa mashine hukimbilia stoo, na hakuna namba nene iwezayo kufidia safari hiyo. Na mwenye prosesa ya zamani kidogo, kama Ryzen 5000 ya mwaka 2020, hana la kuchagua: yake ni DDR4, na kijiti cha DDR5 hakiingii hata kwa nguvu, kwa kuwa pengo lake limekatwa mahali pengine.

Haya yangekuwa mazungumzo ya barazani tu kama bei zingekuwa za chini. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2025 bei za kumbukumbu zilipanda mno, kwa sababu viwanda vilielekeza nguvu kwenye mashine kubwa za akili bandia. Desemba ya mwaka huo Micron, mojawapo ya kampuni tatu zinazotawala utengenezaji wa kumbukumbu duniani, ilitangaza kuacha kuwauzia wateja wa kawaida kwa jina lake la Crucial. Bidhaa ikiwa adimu, andiko la boksi hupata nguvu zaidi, kwa kuwa mnunuzi ana haraka na hofu. Hapo ndipo kusoma polepole kunapolipa.

Nimeishi na namba maisha yangu yote ya kazi. Nimeona shule zikipangwa kwa namba, watoto wakipangwa kwa namba, na wazazi wakiuliza mtoto amekuwa wa ngapi kabla ya kuuliza amejifunza nini. Namba haina kosa. Kosa ni kuipokea bila kuuliza inapima nini, na inapimwa pamoja na nani. Kumbukumbu nzuri ni ile ambayo prosesa yako inaweza kuandamana nayo. Swali la kuanzia dukani, basi, liwe hili: "Namba hii ni ya mashine ipi?" Muuzaji akishindwa kulijibu, fedha ibaki mfukoni siku ile.