Kumi na Mmoja wa Agosti

Ligi Kuu ikishamalizika, klabu huanza kutoa mikono ya kwaheri na kutambulisha sura mpya, na vijiwe vya Mikumi na Kilosa, mkoani Morogoro, huingia kazini. Jijini Dar es Salaam viongozi wanasainisha mikataba. Huku wilayani watu wanapanga kikosi. Nani atakaa golini? Nani atacheza namba sita? Kati ya mawinga watatu, yupi atasugua benchi? Maswali yote hayo yanarudi kwenye moja, nalo hujadiliwa wiki nenda wiki rudi: siku ya mechi ya kwanza, karatasi ya kocha itakuwa na majina gani kumi na moja?

Kazi hii haina mshahara wala cheti, na haipaswi kuchanganywa na mkeka wa kubeti. Anayebeti anataka matokeo. Mpangaji wa kikosi anataka kuelewa namna kocha anavyofikiri: ana watu gani, anaamini nini, anaogopa nini. Anayeifanya vizuri hustahili sifa kwa nidhamu moja ngumu sana kwa shabiki, nayo ni kuandika jina ambalo kocha ataliandika, hata kama moyo wake unataka jingine.

Mikumi ni mahali pazuri pa kujifunzia nidhamu hiyo. Mji uko kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia, ukishamaliza kuvuka Hifadhi ya Mikumi. Ni mji wa malori, mabasi na bodaboda, na mashabiki wake hawana uwanja wa Ligi Kuu wa kuufikia kwa miguu. Wengi huziona Simba na Yanga kwenye vibanda umiza. Lakini barabara inawaletea habari. Dereva anayeshuka kutoka Kitwe anatoka kwenye mji wa Power Dynamos, klabu iliyompeleka Kennedy Musonda Yanga Januari 2023 na Joshua Mutale Simba mwaka uliofuata. Jina la Mzambia likianza kuvuma kwenye usajili, dereva wa namna hiyo hawezi kumaliza chai yake kwa amani. "Kaka, huyu mtu anakaba au anasubiri mpira miguuni?" Swali hilo lina faida kuliko video ya dakika tatu inayosambaa kwenye simu, maana video ile huchagua mabao na chenga tu. Haimwonyeshi mchezaji anavyorudi nyuma timu yake inapopoteza mpira.

Kilosa ni mji wa stesheni, na una wazee waliokua wakisikiliza vikosi vikisomwa na Redio Tanzania, jina baada ya jina, kabla ya mpira kuanza. Kwa msikilizaji wa redio orodha ile ilikuwa nusu ya mechi. Akisikia nani yuko kulia na nani yuko kushoto, alishaanza kuona mchezo utakavyokwenda. Vijana wa leo wanafungua simu na kikosi wanakipata kama picha, saa moja kabla ya mechi. Hata hivyo swali la wazee halijabadilika: kwa nini huyu, na si yule?

Mpangaji makini hahitaji vifaa vingi. Ukurasa mmoja wa daftari la shule unamtosha. Juu kabisa anaandika mfumo, tuseme 4-2-3-1. Chini yake anachora nafasi kumi na moja. Jina la uhakika linaandikwa kwa wino, lenye shaka kwa penseli, na ubavuni mwake jina la anayelinyemelea. Ukingoni mwa karatasi kuna safu nyembamba ya sababu: katoka kuumia goti, kocha anapenda beki anayepanda, Septemba ana timu ya taifa, mkataba umebaki miezi sita. Safu hiyo ndiyo inayomtofautisha fundi na mpiga kelele. Mtu yeyote anaweza kutaja majina kumi na moja. Kueleza kila jina kwa sababu inayosimama mbele ya wabishi kumi ni kazi nyingine.

Wino wenyewe hauna dhamana ya milele. Kwa miaka mingi mabeki wa pembeni wa Simba waliandikwa bila kufikiri: Shomari Kapombe kulia, Mohamed Hussein "Tshabalala" kushoto. Kapombe ni mtoto wa mkoa huu, aliyepita Polisi Morogoro kabla ya kwenda Msimbazi, yaani Simba, mwaka 2011, akatoka, kisha akarudi 2017. Tshabalala alifika Simba mwaka 2014 akitokea Kagera Sugar, akadumu hadi akavaa kitambaa cha unahodha. Halafu mwaka 2025 nahodha huyo akahamia Yanga. Kwenye kurasa mbili kwa mpigo, upande wa kushoto ulilazimika kuandikwa upya.

Golini ndipo penye mitego mingi zaidi, kwa sababu nafasi ni moja na jeraha moja hubadilisha kila kitu. Agosti 2023 Simba na Yanga zilikutana Mkwakwani, Tanga, kwenye fainali ya Ngao ya Jamii. Aishi Manula alikuwa majeruhi, na langoni akasimama Ally Salim, kijana ambaye wengi walizoea kumwandika kama kipa wa tatu. Mechi ikaisha bila bao. Kwenye penalti Salim akaokoa tatu, na Simba wakabeba Ngao kwa 3-1. Msimu uliofuata mambo yakajirudia kwa sura nyingine. Simba ikiwa kambini Ismailia, Misri, Ayoub Lakred aliumia, na klabu ikamleta Moussa Camara kutoka Guinea dirisha likiwa ukingoni. Walioliandika jina la Lakred kwa wino mwezi Julai hawakuwa wajinga. Walisoma vizuri kile kilichokuwepo. Mpangaji mzuri anatofautiana na wengine kwa kuwa alishajiuliza mapema: huyu akiumia, nyuma yake yuko nani?

Lakini mtihani mkubwa wa miaka ya karibuni ulikuja Julai 2024, pale Clatous Chama alipovuka kutoka Simba kwenda Yanga. Mzambia huyo alikuwa kipenzi cha Msimbazi tangu 2018. Aliuzwa RS Berkane ya Morocco mwaka 2021 na akarudi Januari 2022. Kumwona na jezi ya kijani na njano kulitikisa vijiwe vyote. Kwenye daftari nyingi jina lake liliingia siku hiyohiyo, kwa wino, na kwa herufi kubwa.

Ubishi wa kweli ulianza siku ya pili, mashabiki walipotulia na kuhesabu. Nyuma ya mshambuliaji, mfumo wa Yanga ulikuwa na nafasi tatu. Stephane Aziz Ki alikuwa ametoka kuwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 21. Pacome Zouzoua alikuwepo. Max Nzengeli alikuwepo, na Nzengeli ndiye aliyekuwa akikimbia kwa ajili ya wenzake wote. Chama akiingia, nani anatoka? Hapo ndipo mpenzi wa majina makubwa na msomaji wa kocha walipoachana. Wa kwanza alimtoa Nzengeli, kwa kuwa ndiye mwenye sifa chache kwenye magazeti. Wa pili alikumbuka kwamba kocha wa Yanga, Miguel Gamondi, alitaka timu inayokaba kwa kasi mara tu mpira unapopotea, akajua kwamba mtu wa kukimbia haondoki kirahisi. Msimu ulipoanza, Chama hakuwa na uhakika wa kuanza. Mara nyingi alitokea benchi. "Mjomba, wewe uliandika moyo wako, hukumwandika kocha," ndivyo kijana anavyoweza kumwambia mkubwa wake kijiweni, na mkubwa akacheka, kwa sababu hoja ni ya haki na imesemwa kwa adabu.

Kwenye safu ya ushambuliaji kulikuwa na somo jingine. Yanga ilimsajili Prince Dube kutoka Azam na ikamleta Jean Baleke, aliyewahi kuichezea Simba. Clement Mzize, kijana aliyekuzwa na klabu yenyewe, aliwekwa na wengi kwenye benchi. Msimu ukaisha Mzize akiwa na mabao 14 ya ligi, moja juu ya Dube. Anayeipenda kazi hii hujifunza kuwatazama watu wa namna hiyo mapema, kwenye dakika ishirini za mwisho za mechi ambazo wengine wameshanyanyuka kwenye viti.

Na msimu uleule ulionyesha mpaka wa fani yenyewe. Gamondi aliondoka Novemba 2024. Akaja Sead Ramovic, akaondoka Februari. Akaja Miloud Hamdi, akamalizia na ubingwa. Karatasi iliyochorwa Agosti kwa akili ya kocha mmoja ilibidi isomwe tena kwa akili za makocha wengine wawili. Mpangaji mwaminifu hakuitupa. Aliongeza ukurasa mwingine na tarehe mpya.

Kuna mambo ambayo kijiwe kizuri hukagua kabla ya kuandika hata jina moja. La kwanza ni kanuni. Miaka hii klabu inaruhusiwa kusajili wageni 12, hivyo kila jina jipya kutoka nje linaweza kumaanisha mgeni mwingine anafungasha. La pili ni kalenda ya mataifa. Januari 2024, AFCON ilipochezwa Ivory Coast, Yanga iliwatoa Djigui Diarra kwenda Mali, Aziz Ki kwenda Burkina Faso na Musonda kwenda Zambia. La tatu ni cheo, na hapa wengi huteleza. Bakari Mwamnyeto alikuwa nahodha wa Yanga, lakini chini ya Gamondi mabeki wa kati walioanza zaidi walikuwa Dickson Job na Ibrahim Hamad "Bacca". Kitambaa cha mkononi hakimhakikishii mtu nafasi. Aliyeliona hilo mapema alihitaji ujasiri wa kumweka nahodha benchi mbele ya mashabiki wa nahodha.

Nje ya mipaka yetu nako wapo wanaoifanya kazi hii kwa moyo. Kule Australia, mashabiki wa ragbi ya wachezaji 13, ile iliyojitenga na ragbi ya watu 15 kaskazini mwa Uingereza mwaka 1895, hupanga vikosi vyao kabla ya kila msimu mpya. Ragbi hiyo ina namba zenye kazi: 1 ni beki wa mwisho, 6 na 7 ni wapangaji wa mchezo. Kumhamisha mtu jezi ni kumhamisha kazi. Shabiki wa Mikumi angewaelewa mara moja. Yeye naye husema "namba sita" akimaanisha kiungo mkabaji, hata kama mgongoni mchezaji ana namba nyingine kabisa, na anajua ukikosea namba sita, namba kumi wako mzuri hatagusa mpira.

Mkoa wa Morogoro una sababu yake ya kuithamini fani hii, na sababu hiyo ni Mtibwa Sugar. Timu hiyo ya kiwanda cha sukari cha Turiani, wilaya jirani ya Mvomero, ilitwaa ubingwa wa nchi mwaka 1999 na 2000, na mwaka 2018 ikachukua Kombe la Shirikisho kwa kuifunga Singida United 3-2 jijini Arusha. Kwa miaka mingi imekuwa ikilea vijana ambao Simba na Yanga, klabu za Kariakoo, huja kuwachukua. Mwaka 2016 Simba ilichukua watatu kwa pamoja: Shiza Kichuya, Mzamiru Yassin na Mohamed Ibrahim. Wapangaji wa jijini waliwaona kama watu wa kujaza benchi. Aliyekuwa amekaa kwenye nyasi za Manungu, uwanja wa Mtibwa, alijua mguu wa kushoto wa Kichuya unaweza nini. Oktoba 1 mwaka ule Kichuya alipiga kona dhidi ya Yanga na mpira ukaingia moja kwa moja wavuni, mechi ikaisha 1-1. Mzamiru naye alipita mikononi mwa makocha Joseph Omog, Patrick Aussems, Sven Vandenbroeck na wengine baada yao, na kila mmoja alimtafutia nafasi katikati ya uwanja. Baadaye Yanga nayo ikachota kisima hichohicho: Kibwana Shomari mwaka 2020, Dickson Job kwenye dirisha dogo la Januari 2021.

Mtibwa ilishuka daraja mwaka 2024 na ikarudi Ligi Kuu mwaka uliofuata. Kwa wapangaji wa Kilosa na Mikumi kurudi huko ni kazi mpya, ngumu kuliko ya kupanga Simba au Yanga. Vijana waliotoka nayo Championship, ligi ya daraja la chini yake, hawana video nyingi, hawana kurasa za mbele za magazeti, na dereva wa Kitwe hawajui. Kuwajua kunataka nauli ya kwenda Turiani, au ndugu anayefanya kazi kiwandani na kupita uwanjani jioni timu ikijifua. Ndiyo maana ukurasa wa Mtibwa una penseli nyingi na ubishi mkali. Kila mmoja anamtafuta Job anayefuata, na anataka jina lake liwe limeshaandikwa Kilosa kabla Dar es Salaam haijajifunza kulitamka.