Kutoka Upepo wa Tarime hadi Mawimbi ya Enoshima

Tarime, mkoani Mara, iliachana na mwambao wake wa Ziwa Victoria mwaka 2007, Rorya ilipokatwa kuwa wilaya na kuondoka na Shirati. Wilaya ya Serengeti haina ufuko kabisa. Lakini upepo wa alfajiri unaosukuma mitumbwi ya tanga hushuka kutoka milima ya Tarime. Mchana, ardhi ikishapata joto, unageuka na kuvuma kutoka ziwani. Mvuvi hutoka na wa kwanza, hurudi na wa pili. Kijana aliyelelewa humo hahitaji kufundishwa kushika usukani. Mashindano yake ya kwanza ya matanga ugenini yatamsumbua kwa mambo mengine.

Mfano ulio jirani nasi ni wa Deizy Nhaquile, mwendesha chombo cha tanga wa Maputo. Akiwa Algiers mwaka 2019 alikata tiketi ya Olimpiki, na mwaka 2021 akashindana Enoshima, Japani, katika daraja la Laser Radial: chombo cha mtu mmoja, urefu mita 4.2, tanga moja la mita za mraba 5.7 hivi. Vyombo hutolewa na waandaaji, sawa kwa wote, kwa hiyo tajiri hawezi kununua kasi. Dhahabu ilikwenda kwa Anne-Marie Rindom wa Denmark. Nhaquile hakurudi na medali, ila alikuwa na kitu ambacho kijana wa Mara hana: amekulia kwenye ghuba ambayo maji hujaa na kupwa kwa mita kadhaa.

Ziwa Victoria halijui kujaa na kupwa. Baharini unaweza kuelekeza omo kwenye boya barabara kabisa, na bado mkondo ukakupitisha pembeni. Wachezaji wetu wa mpira hulalamikia nyasi bandia. Baharini uwanja wenyewe unatembea. Dawa yake ni kufika mapema na kutazama boya lililotiwa nanga: limelalia upande gani, maji yanachora mkia wapi nyuma yake. Hapo ndipo unaamua upite kushoto au kulia.

Jambo la pili halisemwi sana. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya baharini kwa takriban sehemu moja ya kumi. Upepo wa kilometa 25 kwa saa Musoma na wa kilometa 25 baharini una kasi ileile, lakini wa baharini unasukuma tanga kwa nguvu zaidi. Kijana aliyezoea kupima upepo kwa uzito wa kamba mkononi atashangaa chombo kinalala mapema kuliko alivyotarajia. Itambidi atoe mwili nje zaidi na kulegeza tanga kabla halijamlemea.

Kubisha dhidi ya upepo nako ni kwingine. Anayetumia tanga la foromali mara nyingi hugeuka kwa kuupa upepo mgongo, kwa sababu foromali, boriti inayobeba tanga, ni lazima ihamishwe upande wa pili wa mlingoti. Laser hupitisha omo katikati ya upepo kwa sekunde chache tu. Mazoea ya kwanza yakimrudia kijana akiwa na hofu, atapoteza urefu wa vyombo kadhaa kila anapogeuka.

Yote hayo, kwa maoni yangu, hayafikii ugumu wa mstari wa kuanzia. Ishara ya kwanza hutolewa dakika tano kabla, ya pili dakika nne, na kundi zima linasukumana kutafuta pengo. Ukichelewa unakula upepo uliokwisha kukatwa na matanga ya walio mbele, na hutoki humo kirahisi. Ukivuka mapema unaitwa urudi. Bendera nyeusi ikiwa imepandishwa, kuvuka ndani ya dakika ya mwisho kunakufuta kwenye mbio hizo, hata zikianzishwa upya.

Ufundi huu hauji kwa kusafiri peke yako, hata ungekuwa hodari wa kuvuka kwenda Ukerewe. Unakuja kwa msongamano: maboya mawili, saa ya kuhesabu sekunde, mitumbwi kumi na mtu mkali anayesimama mwisho wa mstari kutaja majina ya waliovuka.