Jozani ya Siku Mbili

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hicho ndicho kipimo changu ninaposoma makala za safari kuhusu Jozani, na nyingi hazifiki hata hiyo siku ya tatu.

Si unazijua? Msafiri anatoka Mji Mkongwe asubuhi, anakwenda kilomita 35 hivi kuelekea kusini-mashariki, anaingia msituni. Kivuli kizuri, kima wanaruka. Anapita kwenye njia ya mbao katikati ya mikoko ya Pete, na jioni yuko ufukweni Paje, dafu mkononi. Kila kitu kimetulia. Mwisho.

Sina ugomvi na mapumziko; kila mtu anahitaji kuvuta pumzi. Ugomvi wangu ni na lugha hiyo inayomgeuza mwenyeji kuwa sehemu ya mandhari, kama mnazi. Mwanamke anayeinama kwenye maji kupupu akilima mwani anatajwa kwa rangi ya kanga yake tu. Mwani wenyewe unauzwa kwa nani, kwa bei gani? Kimya.

Hata kima haandikwi vizuri. Makala humwita kivutio, basi. Wenyeji humwita kima punju, na punju ni sumu. Ndani ya jina hilo kuna hadithi nzima. Mkulima wa kando ya msitu alimwona akila vidaka vya minazi yake, akahesabu nazi alizopoteza. Halafu mwaka 1999 watafiti Kirstin Siex na Thomas Struhsaker wakachapisha utafiti uliopindua hesabu hiyo: pale kima walipokula vidaka vingi, mavuno ya nazi hayakupungua, bali yalielekea kuwa makubwa zaidi. Huenda vidaka vikipunguzwa, vinavyobaki hupata nafasi ya kukua. Yaani adui wa mkulima pengine alikuwa kibarua wake asiyelipwa! Sasa mwandishi gani anaacha kisa kama hiki, akatuandikia tu kwamba kima wanachekesha?

Na huo utulivu haukudondoka kutoka mbinguni. Jozani pamoja na Ghuba ya Chwaka ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004, ikiwa na takriban kilomita za mraba 50. Kwa watu wa Pete, Charawe na Ukongoroni, msitu na mikoko vilikuwa kuni, mkaa na boriti. Hifadhi maana yake kuna mtu aliyeambiwa aweke shoka chini. Sehemu ya kiingilio cha wageni hurudi vijijini, na ni haki irudi. Lakini je, inalingana na alichokiacha mwenye shoka? Swali hilo lina uzito kuliko sifa zote za upepo mwanana, na halimharibii mgeni safari yake. Linamwonyesha tu amefika wapi.

Fasihi yetu ilikwisha kutuonyesha namna ya kuandika mambo haya. Katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), Adam Shafi anatupeleka shamba, Unguja ya kabla na baada ya Mapinduzi ya 1964. Starehe ipo, tena tele. Lakini starehe ya Fuad ina gharama, na gharama hiyo ina jina: Kijakazi, mtumishi mzee anayejichosha kwa ajili ya bwana asiyemjali. Shafi hatuachii tuione raha ya kasri bila kuuona mgongo wa anayeibeba. Sisemi mtalii wa leo ni Fuad. Kalipa kiingilio chake, kaja kwa heshima. Nasema mwandishi wa leo anaweza kujifunza kwa Shafi kuuliza swali moja jepesi: huyu akipumzika, nani yuko kazini?

Kwa hiyo, ndugu mwandishi unayejiandaa kwenda Jozani, nenda. Keti chini ya mitondoo, pumzika. Andika kuhusu kivuli, kwa sababu kivuli ni cha kweli. Kisha baki siku ya tatu. Muulize mwenye minazi kama siku hizi anamwonaje punju. Na ukikaribishwa wali wa nazi kijijini, uliza kuni zilizoupika zilitoka wapi, na aliyezitafuta alitembea umbali gani.