Tone Jekundu

Fundi hakugusa spana. Alitandika kipande cha boksi mchangani, akalala chali, akajisogeza chini ya gari hadi zikabaki ndala zake tu nje. Alikaa huko kimya. Aliponyanyuka, alikuwa na tone moja kwenye ncha ya kidole cha shahada. Akalisugua kwa gumba, akalinusa, akaliinua juani ili nami nilione.

"Bado jekundu," akasema. "Wala halinuki kuungua. Giaboksi yako nzima, mwanangu. Kuna mahali tu inatoa jasho."

Wiki mbili kabla, gereji nyingine walikuwa wametazama doa lilelile sakafuni wakaniambia giaboksi imekufa, nikatafute ya mtumba. Gari langu ni Corolla ya mwaka 1998, ya otomatiki. Limezeeka, lakini halijawahi kunilaza njiani. Nilikuwa nimeshaanza kukusanya fedha. Ndipo nikaelekezwa kwa mzee huyu wa Gerezani, Dar es Salaam.

Oili ya otomatiki hutiwa rangi makusudi, isije ikachanganywa na ya injini, na rangi hiyo ndiyo fundi huisoma kwanza. Nyekundu angavu ni afya. Kahawia yenye harufu ya kuungua ni klachi za ndani zinazosagika. Ikiwa ya waridi, mfano wa juisi ya mapera, maji ya rejeta yameingia humo, na hapo ndipo pa kuogopa. Tena kazi yake si kulainisha tu. Katika gia za kawaida, mkono wa dereva ndio unaobadili. Katika otomatiki, oili inayosukumwa na pampu ndiyo mkono wenyewe. Ndiyo inayobana klachi, ndiyo inayobeba joto kulipeleka kwenye rejeta. Ikipungua, pampu hufyonza hewa, mbano hulegea, gia huteleza, na kinachoteleza huungua. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, oili hii huko Marekani ilitiwa mafuta ya nyangumi ili klachi zishikane kwa upole. Tangu nilipolijua hilo sijaweza tena kuliona tone lile kuwa uchafu.

Alianza na kipimo. Injini ikiunguruma, imeshapata moto, akapitisha gia zote moja baada ya nyingine, akarudisha kwenye P, ndipo akachomoa kijiti. Corolla ukiipima imezimwa itakudanganya. Alikuwa akichunguza pia kama imezidi, maana oili iliyozidi hupigwa povu ikatokea kwenye tundu la kupumulia, na watu wakabadilisha sili bure. Yangu ilikuwa imepungua kidogo.

Kilichofuata ndicho nilichokipenda kuliko vyote. Upepo wa mwendo husukuma oili kwenda nyuma, kwa hiyo inapodondokea mara nyingi sipo inapovujia. Akaiosha giaboksi kwa mafuta ya taa na brashi, akaikausha kwa upepo wa kompresa, akamtuma kijana wake dukani kununua poda ya watoto. Wakainyunyizia giaboksi mpaka ikawa nyeupe kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. "Sasa nenda Kurasini urudi," akaniambia. Niliporudi tukainama wote watatu. Kwenye weupe ule ulishuka uzi mwekundu mmoja, mwembamba, ukianzia pale ekseli ya kushoto inapotokea.

Sili inayozuia oili pale inaenea kiganjani. Ni duara la chuma lenye mdomo wa mpira, na nyuma ya mdomo huo kuna springi nyembamba kama mkufu. Ya zamani ilikuwa ngumu kama ukucha. Joto la miaka yote hiyo lilikuwa limeukausha mpira. Kabla ya kuweka mpya, mzee alifumba macho akapitisha ukucha wake kwenye chuma cha ekseli, taratibu, akizunguka, akitafuta mfereji. Mdomo wa sili hula chuma polepole, na mfereji ukiwepo hata sili mpya itavuja. Haukuwepo. Akaupaka mdomo mpya oili ileile nyekundu kwa kidole, akaegemeza kipande cha bomba chenye upana sawa na sili, akagonga kwa nyundo ndogo upande huu, kisha ule, akizunguka na kusikiliza. Mlio ulipobadilika, akaacha.

Alinitoza bei ya sili na ufundi wa asubuhi moja. Nilitaka kumwongezea kwa ule muda aliolala chali bila kufungua hata nati moja, kwa sababu naamini ufundi wenyewe ulikuwa pale. Lakini alikuwa ameshaligeukia gari lililofuata, na safari hii kipande cha boksi alimtandikia kijana. Kijana akaingia chini, akatoka na kidole cheusi.

"Umeona nini?"

"Oili, mzee. Ya injini."

"Inatoka wapi?"

Kijana akataja pale inapodondokea. Mzee hakumjibu. Alimwangalia tu, mpaka kijana akajilaza tena.